Wasio na Kuta Ndio Wanaopigwa Picha

Kuna picha ya zamani ya watoto wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi, uchi, migongo imetugeukia, mguu wa mmoja ukiwa bado hewani. Aliipiga Martin Munkácsi, Mhungaria aliyekuwa akiyafanyia kazi magazeti ya Ujerumani, karibu na mwaka 1930. Kijana wa Kifaransa aliyesomea uchoraji, Henri Cartier-Bresson, aliiona mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930, na baadaye alisema ndiyo iliyomtia moto hata akachukua kamera na kuingia barabarani. Alichokifanya huko kikawa shule: kumnasa mtu asiyejua kuwa anatazamwa, katika sekunde ambayo haitarudi. Kila anayezunguka leo Kariakoo au River Road na kamera ndogo kifuani, akiwavizia wapita njia, ni mwanafunzi wa shule hiyo, ajue asijue.

Sasa uliza wale watoto ni akina nani. Majina hayapo. Uliza basi ni wapi. Kuna wanaoandika Ziwa Tanganyika, kuna wanaoandika Liberia. Kutoka Kigoma hadi Monrovia unakata bara zima, lakini kwa picha iliyowasha sanaa nzima tofauti hiyo ilionekana jambo dogo. Jina la mpigapicha lipo palepale.

Nimeanza na picha hii kwa sababu mjadala wetu kuhusu kuwapiga watu picha mtaani bila kuwaambia umekwama kwenye ruhusa: uombe au usiombe. Mimi hilo naliona swali la pili. La kwanza ni nani hasa huwa yuko barabarani wakati kamera inapita, na lingine, ambalo wapigapicha hulikwepa, ni picha ikishatoka hapo inaelekea wapi.

Kwenye ruhusa wapigapicha wana hoja, na nitaitetea. Mwendee muuza kahawa pale Mtaa wa Kongo, mwambie, "Kaka, naomba nikupige picha." Ataweka birika chini, atafunga vifungo vya shati, atakaza uso kama yuko mbele ya kamera ya kitambulisho cha NIDA. Ule mkono uliokuwa ukigonga vikombe, ile shingo iliyogeuka kumwitikia mteja, vimekwisha. Unachobaki nacho ni picha ya mtu anayepigwa picha.

Na sisi kwa kupozi hatujambo. Picha kwetu ililelewa studio. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akikata sura za wateja wake na kuzibandika ndani ya maua, wakafurahi wakalipa. Miaka ya 1990, wapigapicha wa vibanda vya kivuko cha Likoni waliwasimamisha watu mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na mtu aliyefika Mombasa kwa basi la usiku akatuma kijijini picha yake akiwa karibu na ndege. Sioni ubaya wowote. Mtu alijichagulia namna ya kuonekana, akavaa, akalipa, akachukua picha yake akaondoka nayo. Ni utaratibu wa heshima kuliko mwingi uliofuata.

Lakini una upungufu wake. Tafuta kwenye albamu ya familia yoyote ya Kitanzania picha ya foleni ya sukari kwenye duka la serikali la RTC mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchi nzima. Utakutana na harusi za miaka hiyohiyo, watu wamependeza, na hakuna popote pa kukuonyesha kwamba sabuni iliyofua zile nguo ilipatikana kwa shida. Nguo za Idi tunazo, foleni hatuna. Picha isiyoombwa ndiyo ingeituwekea. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka kila picha ya mtaani iwe na ridhaa iliyotangulia. Hungary ilianza kutumia sharti la namna hiyo mwaka 2014, na ukilifuata neno kwa neno, soko la Tandale la leo litabaki kwenye kumbukumbu za waliokuwepo tu, nao wataondoka nazo.

Wazee husema macho hayana pazia. Ukipita mbele yangu nitakuona, huwezi kunishtaki kwa hilo. Marekani imeuchukua msingi huo na kuutia kamera. Kati ya 1999 na 2001 Philip-Lorca diCorcia alifunga taa zake kwenye jukwaa la mabomba pale Times Square, New York, akasimama mbali na lenzi ndefu, na kila aliyepita chini ya taa uso wake ukawaka kama wa mtakatifu katika mchoro wa kanisani. Mmoja wa waliopita alikuwa mzee wa Kiyahudi mshika dini, ambaye imani yake haimruhusu kufanyiwa picha za namna ile. Alikuja kujua baada ya maonyesho kupita na nakala kuuzwa kwa dola 20,000 hadi 30,000 kila moja. Akashtaki. Mwaka 2006 mahakama ikamkatalia: picha ni sanaa hata ikiuzwa, na uhuru wa maoni unailinda.

Jimbo la Quebec, Kanada, lilikwenda njia nyingine. Binti wa miaka 17 alipigwa picha akiwa ameketi kwenye ngazi za jengo huko Montreal. Picha ikatoka kwenye jarida la sanaa mwaka 1988, wenzake wakamcheka. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1998 binti akashinda na kupewa fidia ya dola 2,000. Hakuwa amelala wala hakuwa akifanya la aibu. Alikuwa amekaa tu. Mahakama iliona uso wake ni mali yake hata akiwa nje.

Hukumu hizi zinapingana, lakini zote zinauwaza mji wa aina moja, mji wa wapita njia. Mtu ana nyumba, anatoka, anatembea dakika kumi, anaingia ofisini. Barabara ni pa kupita, na faragha yake ameiacha nyumbani imefungwa kwa ufunguo. Ugomvi wa mawakili ni juu ya zile dakika kumi tu.

Nenda sasa Buguruni, Gikomba, Kongowea au Darajani. Mama lishe anachochea moto, ananyonyesha, anagombana na mdeni wake, na mchana wateja wakipungua anajilaza kwenye benchi, vyote hapohapo. Dereva wa bodaboda amelala juu ya pikipiki, miguu kwenye usukani. Mbeba mizigo anaoga kwa ndoo nyuma ya Fuso. Hawa hawapiti barabarani. Barabara ni jiko lao, ofisi yao, mara nyingine chumba chao. Upande wa pili mwenye uwezo anatoka Masaki ndani ya gari la vioo vya giza, anateremka kwenye maegesho ya chini ya jengo, anapanda lifti. Kaa na kamera yako Posta mwaka mzima, hutampata.

Kanuni ya kwamba aliye hadharani anapigika inasikika sawa kwa wote. Kwetu inamwangukia asiye na ukuta wa kujificha nyuma yake. Ukitaka ushahidi, pitia kurasa za Instagram za picha za mtaani kutoka Dar, Nairobi au Kampala: wasukuma mikokoteni, wachuuzi, watoto wa mitaani, kipofu anayeomba, mzee aliyesinzia. Meneja wa benki akipiga miayo hayumo. Na sidhani ni kwa sababu mameneja wa benki hawapigi miayo.

Kuna kichekesho kinachokwenda na hili. Elekeza kamera kwenye kituo cha polisi au jengo nyeti la serikali, utaulizwa kibali kabla hujamaliza kulenga. Elekeza kwa mtu aliyelala chini ya ukuta wa jengo hilohilo, na askari anaweza hata kusogea asikuzibie.

Waliomo kwenye picha wanayajua haya. Ukipita Feri, pale soko la samaki, ukiinua kamera utasikia, "We! Unanipiga picha ukaniuze Ulaya?" Wapigapicha husimuliana hadithi za namna hiyo kwa kicheko, wakiziita ushamba. Mimi sicheki. Aliyepiga kelele ile hajasoma kesi ya Times Square, lakini biashara yenyewe ameikisia vizuri. Na ana historia nyuma yake: mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, studio za Zanzibar, ya Gomes na ile ya ndugu Coutinho, zilitoa postikadi za wanawake wa Unguja ambazo wageni walizinunua na kuzituma makwao. Nyuma kuna stempu na salamu. Mbele kuna mwanamke ambaye hakutajwa jina, ila kabila au mahali. Watalii wa Darajani wanaowavizia akina mama wenye buibui wanaendeleza biashara ileile bila malipo ya stempu. Pwani hii ni ya watu wanaozuia simu kwenye sherehe za wanawake, mlangoni kabisa, na kila aliyealikwa anaelewa kwa nini. Anayedhani ya sokoni yametoka kwenye akili nyingine amekosea.

Ukali ule una sababu nyingine ambayo haihusu wazungu kabisa. Mwishoni mwa 2021 machinga wa Dar es Salaam waliondolewa pembezoni mwa barabara. Siku zile mwenye kamera aliweza kuwa mwandishi, mtu wa manispaa au msanii anayetafuta mwanga mzuri, na kwa anayekunja turubai lake haraka hao watatu walikuwa mtu mmoja. Nairobi mambo yalikuwa makubwa zaidi. Katika maandamano ya Juni 2024 vijana walipigwa picha nyuso wazi, mabango juu, picha nyingine nzuri kabisa. Vilipoanza visa vya watu kutekwa, ushauri ukasambaa wa kufifisha nyuso kabla ya kurusha picha. Picha ikiwa nzuri kiasi cha kuonyesha machozi, inaonyesha pia ni nani anayelia.

Hapo tumefika kwenye safari ya picha baada ya kupigwa. Walker Evans aliwapiga abiria wa treni za chini ya ardhi New York kati ya 1938 na 1941, kamera ikiwa ndani ya koti, lenzi ikichungulia katikati ya vifungo. Kwa kipimo chochote huo ni uviziaji. Lakini alikaa na picha zile hadi 1966 ndipo zikatoka kitabuni. Wengine walishazeeka, wengine walishakufa, wengi hata wenyewe wasingejitambua. Ile miaka ilifanya kazi ambayo ridhaa ingeifanya.

Leo abiria wa mwendokasi aliyesinzia mdomo wazi akitokea Kimara anaweza kuwa stika ya WhatsApp kabla basi halijafika Magomeni. Aliyempiga hajawahi kumsikia Cartier-Bresson. Ni abiria mwenzake mwenye simu na bando. Stika haina aliyeitengeneza, haina tarehe, na hakuna wa kumwomba aifute. Uso wa baba wa watu unatumika kumaanisha "nimechoka na wewe" katika magrupu ya watu wasiomjua, hadi siku anatumiwa mwanawe.

Msanii atasema yeye hahusiki na mambo ya stika. Ni kweli nusu. Picha yake aliyoiweka mtandaoni, kwa ubora wa lenzi yake, inakatika stika vizuri kuliko ya simu. Halafu kuna programu kama PimEyes, ambazo ukizipa uso mmoja zinakutafutia mwingine unaofanana nao mtandaoni kote. Zamani mpigapicha aliweza kujitetea kwamba aliyemnasa ni mtu asiyejulikana. Utetezi huo umekwisha nguvu.

Sheria zetu zimeanza kuamka upande huu, na kwa bahati nzuri zimeamka na matumizi ya picha kuliko na upigaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila wazazi kukubali. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Walioadhibiwa Kenya hawakuadhibiwa kwa sababu walitazama. Waliutumia uso wa mtu kuvutia wateja wao. Mpaka huo naukubali, na sheria ya Kenya yenyewe imeacha mlango, kwa masharti, kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa.

Nawadai nini basi wapigapicha? Kwanza waache kuweka watu waliosinzia kwenye kurasa zao. Aliyelala, anayeoga, mgonjwa, aliyechanganyikiwa, mtoto asiye na mtu mzima karibu: picha hizi hazina haja ya mjadala mrefu. Ujasiri wa kumpiga picha mtu asiyeweza kukuambia acha siuoni.

Kubwa zaidi ni maandishi ya chini. Baba anasukuma mkokoteni wa mahindi, jasho linamtoka, mwanga umempata vizuri, na chini yake pameandikwa "Usikate tamaa" au "Mapambano yanaendelea". Nani kakwambia alikuwa anakaribia kukata tamaa? Huenda siku ile ameuza vizuri. Huenda mkokoteni ni wake na ana mingine mitatu anaikodisha, na kipato chake kinamzidi aliyempiga picha. Kwa sentensi moja mpigapicha amemgeuza mtu mzima kuwa bango la mawaidha kwa vijana wenye simu. Hili linaniudhi kuliko kuvizia kwenyewe. Andika mahali, andika mwaka, andika anabeba nini na anakipeleka wapi kama unajua, kisha nyamaza. Vijukuu watakaoitafuta picha hiyo miaka 50 ijayo watataka kujua bei ya mahindi na jina la mtaa.

Na ruhusa? Ipo, ila ije baadaye. Piga, kisha usikimbie. Shusha kamera, salimia kama unavyosalimia mtu aliyekuzidi umri, mwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake bila kumhubiria sanaa. Akicheka, chukua namba, chapisha picha, mrudishie. Wapo wanaofanya hivyo, na huwa wanajulikana kwa majina katika masoko wanayopiga. Wanapita na kamera wazi bila mtu kuwafokea. Mwenye haraka ya kuondoka ndiye anayelazimika kununua lenzi ndefu.

Wengine watasema hili linawezekana kwa mtu mmoja mmoja tu, na aliyepiga kituo cha daladala chenye watu 40 hawezi kuwazungukia wote. Sawa. Katika umati kila mmoja ana kivuli cha mwenzake, na simwoni aliyeumizwa na picha ya kituo cha Mbagala saa 12 jioni. Ninayemzungumzia ni yule mmoja uliyemchagua ukawaacha 39.

Kwa upande wa sheria nina wasiwasi mmoja wa karibu. Shauri la kwanza kubwa la picha Tanzania huenda lisitoke kwa mpigapicha wa mtaani. Litatoka kwa saluni, baa, kliniki au shule iliyojitangaza kwa sura ya mteja, kama ilivyokuwa Nairobi, na mlalamikaji atastahili kushinda. Hukumu itaandikwa kwa maneno mapana, mawakili wataibeba, na mgambo wa kwanza atakayeisikia nusu ataitumia kumnyang'anya kamera kijana wa Kariakoo anayepiga foleni. Tume ya taarifa binafsi ingeweza kuliwahi hilo sasa, kwa kurasa mbili tu za Kiswahili cha kawaida zinazotenganisha kutangaza biashara, kumdhalilisha mtu mtandaoni, na kuweka kumbukumbu ya mji. Kurasa hizo ziandikwe na wapigapicha wakiwepo, na akina mama lishe wawili watatu wawepo pia. Hao ndio watakaowaambia wanasheria barabara inaishia wapi na jiko linaanzia wapi.